Jani la Nguzo ya Kumi na Nne

Kazi yangu ilikuwa kuuapia mwani. Nikisema hivyo kwenye harusi watu hucheka, nami huwaacha wacheke, maana kueleza kunachukua muda na pilau inapoa.

Jumatatu ile asubuhi niliikuta sinia mezani kwangu, na ndani yake jani moja refu kama mkono wa mtu mzima, limelazwa kwenye maji ya chumvi. Kibandiko kilisema: Nguzo ya 14, Ghuba ya Mtambani. Mashine ilikuwa imeshalisoma tangu Ijumaa. Pingili ya tatu kutoka kwenye ncha ilikuwa imegeuka zambarau, na zambarau ile mashine iliijua ni ya nani. Ilikuwa ya MV Kisima, meli ndogo inayopeleka maji ya kunywa kwenye visiwa ambavyo visima vyake vimeingiwa na chumvi.

Kwa asiyejua, kila pipa la oili linaloingia melini siku hizi limetiwa nasaba yake, nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, tofauti kwa kila meli. Na kuanzia ufukweni hadi maili kumi na mbili baharini zimesimikwa nguzo, kila nguzo imeoteshwa mwani shahidi. Mwani huu hunywa mafuta yaliyomwagwa, ukishakunywa hubadilika rangi, na rangi ile haitoki mpaka jani life. Kila bamvua, yaani kila majuma mawili maji yanapojaa sana na kupwa sana, jani hutoa pingili moja mpya. Ukizihesabu kutoka kwenye ncha unajua nani alimwaga, wapi, na lini. Pingili ya tatu ni bamvua tatu zilizopita. Siku hizo MV Kisima ilikuwa imetia nanga Mtambani ikikimbia upepo. Hapakuwa na la kuuliza.

Sheria ya Maji ya Pwani ilimwachia binadamu kazi moja tu. Kabla ya hukumu, msomaji lazima alishike jani kwa mikono yake, kisha asimame mbele ya Baraza na kuapa kwamba hili ndilo jani, na halikuguswa na mkono wa mtu. Nilikuwa nimeapa hivyo mara thelathini na moja, na nilikuwa nalala vizuri.

Nikalishika. Nikalipitisha kati ya vidole taratibu, kama kawaida yangu, na chini kidogo ya pingili ya zambarau kidole kikaingia kwenye kifereji. Kilikuwa chembamba, kimelizunguka shina, kimepinda kuelekea kushoto. Nikaitazama ncha. Haikuwa ncha. Ilikuwa kidonda kilichokwisha kupona, kimekatwa mshazari kwa kisu.

Nikavuta kiti nikakaa. Mimi Kazija ni mtoto wa mkulima wa mwani, na kifereji kile nilikijua kabla sijajua kusoma. Ni alama ya tai-tai, ule uzi ambao wanawake hufungia mbegu ya mwani kwenye kamba. Na pwani nzima namjua mtu mmoja tu anayefunga fundo kwenda kushoto, kwa sababu kidole gumba chake cha kulia kiliharibiwa na kombe kabla sijazaliwa. Mtu huyo ni mama yangu.

*

Niseme lililo langu mapema, lisije likaonekana la wengine.

Kaskazi ya mwaka jana maji ya Mtambani yalichemka. Mwani wa mama ulikufa mweupe kambani, wa jirani zake ukafuata. Mimi wakati ule nilikuwa na ufunguo wa kitalu cha Baraza. Kitaluni ndiko meli mpya hutambulishwa kwa mwani: kila meli ikiandikishwa huleta kijiko cha oili yake, kijiko kinatiwa kwenye hori, mwani unakunywa, rangi inaandikwa, kisha majani yale yanachomwa moto. Sheria inasema yachomwe siku hiyohiyo. Mimi nilijaza ndoo moja, nikaifunika kwa kanga, nikampelekea mama. Mwani shahidi hauogopi maji ya moto. Nilijiambia ni takataka tu, na takataka ikimlisha mtu si kosa.

Nilimwambia mama asimpe mtu. Afadhali ningeiambia bahari isipwe. Mtambani mbegu hainyimwi. Jirani ambaye mwani wake umekufa huja na kikapu kitupu, nawe unakijaza, wala hamna asante ndefu, kwa sababu mwakani utakwenda kwake wewe. Nimelelewa katika desturi hiyo, nami nilisahau kuifikiria. Kabla mwaka haujaisha, kamba za ghuba nzima zilikuwa zimetoka kwenye ndoo yangu.

Na mkulima wa mwani hukata ncha. Anavuna juu, pingili mpya zinaondoka, anaacha shina lichipue upya. Mashine huhesabu pingili, haitazami kidonda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuifundisha kwamba shahidi wa Serikali anaweza kuvunwa. Kipande kimoja kilikatika kambani, kikachukuliwa na mkondo, kikanasa Nguzo ya 14 na kushika hapo. Ile zambarau haikuwa ya bamvua tatu. Ilikuwa ya siku MV Kisima ilipoandikishwa. Shahidi alikuwa anasimulia siku aliyotambulishwa kwa mshitakiwa, na sisi tukamsikia anasimulia kosa.

Hukumu ya kosa hilo ni moja. Meli hufungiwa bandari zote za pwani kwa miaka saba, na mhandisi mkuu hunyang'anywa cheti chake maisha. Baraza lilikuwa limepanga kukaa Alhamisi.

*

Jumanne mhandisi mkuu mwenyewe alinijia ofisini. Hairuhusiwi, lakini mlinzi alikuwa amemwona ni mzee, ana kofia mkononi, akampisha. Akajitambulisha kuwa ni Vuai Sleiman, chifu wa mashine wa MV Kisima.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba, mwanangu. Sikai sana." Akaweka chupa ya maji mezani. "Haya ni maji ya ngama yangu. Nimeyachota chini kabisa, chini ya mashine, leo asubuhi. Hebu yatazame. Unaweza kuchemshia chai."

"Sitachemshia chai, Chifu."

"Hata mie sitainywa. Lakini yatazame."

Nikayatazama. Nimeona maji ya ngama ya meli nyingi, meusi, mazito, yananuka. Yale ya kwake yalikuwa na weupe kidogo wa sabuni, basi.

"Sikuja kukuomba kitu," akasema. "Mie si mtakatifu. Ujanani nimemwaga. Tulikuwa na bomba la pembeni lililopita nyuma ya mashine, mkaguzi akija tunalifunika kwa matambara. Nimemwaga katika meli nne. Halafu siku moja nimerudi likizo namkuta marehemu mama amekaa kizingitini, anasugua lami miguuni kwa mafuta ya taa. Alikwenda kuokota kombe. Akanambia, hawa wenye meli hawana mama. Nami nimekaa pale, nimekunywa chai yake, sikusema neno. Basi. Sijamwaga tena. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili."

Akaizungusha kofia yake.

"Sasa naambiwa nimemwaga. Nimejiuliza, labda uzee, labda nimefungua valvu nikasahau. Nina vijana wanane kule chini, nimewaita mmojammoja, nimewahoji kama wezi. Mmoja amelia. Nimeanza kuwatazama vibaya, na ni watoto niliowafundisha mwenyewe kushika spana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko cheti. Kwa hiyo nataka kukuuliza neno moja tu. Hilo jani, umelishika wewe kwa mkono wako?"

"Nimelishika."

"Basi ukiapa nitaamini," akasema. "Nitajua nilisahau."

Akaichukua chupa yake akaondoka. Nilitaka kumwita. Nilisimama mpaka mlangoni nikamwona anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, na sikumwita. Niliona haya, na haya ile ilikuwa nzito kiasi kwamba siku nzima sikula.

*

Bi Thuwaiba, mkurugenzi wetu, ndiye aliyeuotesha mwani shahidi wa kwanza, ndani ya karai, bafuni kwake, siku ambazo hakuna aliyemwamini. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaliinua jani akakipapasa kile kifereji.

"Tangu ndoo yako umeapa mara ngapi?"

"Sita."

"Na ile meli ya mafuta tuliyoifungia ni miongoni mwa hizo sita?"

"Ndiyo."

Sote wawili tulikuwepo siku ile. Tuliyaona mafuta yametanda kutoka rasi hadi rasi, tukawaokota ndege kwa mikono. Ile meli ilimwaga, hapana shaka yoyote.

"Alhamisi ukisema, Ijumaa wakili wake atakuwa mlangoni hapa," Bi Thuwaiba akasema. "Atasema jani lake nalo limetoka kwenye ndoo. Na atashinda, Kazija. Kabla ya mwani kila nahodha aliapa kuwa hakumwaga, na kila mkaguzi alikuwa na bei yake. Tulipata shahidi mmoja asiyehongeka, mmoja tu. Nawe unataka kusimama useme ameguswa."

"Ameguswa, Bi Thuwaiba."

"Na mama yako? Kuhamisha shahidi ni miaka miwili jela."

Akaliweka jani chini polepole.

"Sikuamrishi. Lakini kidonda ni kidogo. Kingeweza kuwa cha kaa."

"Kaa hakati mshazari."

"Baraza hawajui kaa anavyokata." Alipolisema hilo aligeukia dirishani. Sikumchukia. Alikuwa anailinda bahari, mimi nilikuwa bado sijajua namlinda nani.

*

Jumatano nilikwenda Mtambani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na mama alikuwa kwenye kamba zake, maji ya magoti, dera amelifunga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeingia baharini na viatu? Ofisi imekusahaulisha miguu?"

Nikavivua, nikavining'iniza shingoni. Nikamwuliza kuhusu ndoo.

"Nilimpa Bi Somoe. Na Mwanapili. Somoe akampa dada yake."

"Nilikwambia usimpe mtu."

"Ulinambia. Kisha akaja Somoe na kikapu kitupu. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mwanangu ni mkubwa Serikalini, kwa hiyo yeye akae na njaa?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu fundo lake la kushoto, kuhusu Chifu na chupa yake, kuhusu Alhamisi. Alikuwa anaendelea kufunga mbegu, vidole vyake haviachi, wala hakuniangalia.

"Nikisema," nikamwambia, "watang'oa mwani wote wa ghuba. Wako, wa Bi Somoe, wa kila mtu. Na huenda wakakuweka ndani. Na meli iliyomwaga kweli itaponea hapohapo. Nisiposema, yule mzee anaharibikiwa, na atakufa akiamini kuwa amemwaga."

"Ana watoto?"

"Nadhani anao. Na wajukuu."

Mama akatikisa kichwa, amejikasirikia. "Nimeuliza swali la kipumbavu. Awe nao asiwe nao, hakumwaga."

Akafunga mbegu nyingine, akaikaza kwa meno.

"Ile meli nyingine mtaikamata tena," akasema. "Mazoea yana taabu. Aliyezoea kumwaga atamwaga. Lakini huyu mkimtia hatiani, mtamtoa kwa lipi? Njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa mwongo wa Serikali."

"Mama, ni miaka miwili."

"Nimesikia. Masikio yangu hayakuharibiwa na kombe." Ndipo aliponiangalia, na niliona kuwa anaogopa. "Wenzangu nitawaambia mwenyewe. Usiende wewe, utawaambia kwa Kiswahili cha ofisini, watadhani wamekufa."

Nilimshika mkono wenye kidole kibovu, tukasimama hivyo mpaka maji yalipoanza kurudi.

*

Baraza lilikuwa na wajumbe watatu. Chifu Vuai alikaa mbele, vijana wake wanane safu ya nyuma yake, wametengana naye kwa viti viwili, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Bi Thuwaiba alikaa pembeni. Karani akaniletea sinia, nikalinyanyua jani likidondosha maji kwenye zulia.

Maneno ya kiapo nayajua hata usingizini. "Hili ndilo jani," nikasema, na karani akaanza kuandika kabla sijamaliza, kwa kuwa naye aliyajua. "Na limeguswa na mkono wa mtu. Kwanza wangu, kisha wa mama yangu."

Karani akaacha kuandika.

Niliwaonyesha kifereji na kidonda. Nilieleza habari ya ndoo. Mjumbe mmoja aliuliza nina hakika gani kuwa si kaa, nami sikumtazama Bi Thuwaiba. Nikaomba kisu na uzi, nikafunga na kukata jani lingine mbele yao kama anavyofanya mama, nikaliweka kando ya lile la kwanza. Walisogeza vichwa pamoja wakatazama kwa muda mrefu.

Mwenyekiti aliposema kuwa ushahidi umekataliwa na meli iko huru, nilitegemea Chifu Vuai angenigeukia, aniseme au anishukuru. Hakunigeukia. Aliinuka, akaigeukia ile safu ya nyuma, akavua kofia.

"Nisameheni, wanangu," akawaambia. "Niliwashuku."

Yule aliyekuwa amelia siku ile ndiye aliyevuka kwanza vile viti viwili.

*

Yaliyofuata yalifuata. Mama na wenzake walipewa onyo, kwa kuwa Baraza halikutaka kuwafunga wanawake arobaini na mmoja kwa kosa la kugawiana. Mimi niliondolewa kazini na kukatazwa kuapa mbele ya Baraza lolote. Sheria ikabadilishwa: siku hizi hakuna jani linalomtia mtu hatiani peke yake, lazima lipatikane na la pili kutoka nguzo nyingine, na mtu akalichunguze liliko. Na ile meli ya mafuta ilishinda rufaa. Niliiona ikitoka bandarini imepakwa rangi mpya. Nililia nilipoiona, na bado sijui kama nililia kwa hasira au kwa kosa langu. Bi Thuwaiba alinipigia simu siku ile. Alisema ameshaanza kuotesha mwani mwingine, unaojua kisu.

Amri ya kung'oa ilitekelezwa bamvua iliyofuata. Ghuba nzima tuling'oa, kamba kwa kamba, na wanawake hawakuimba. Mwani ukarundikwa ufukweni ukachomwa, na moshi wake uliingia nguoni ukakaa siku tatu. Bi Somoe alipita karibu yangu na kikapu chake kitupu bila kunisalimia. Sikumlaumu.

Siku ya nne MV Kisima ilitia nanga nje ya ghuba. Mashua ikashushwa, na ndani yake nikamwona Chifu Vuai, suruali ameikunja mpaka magotini, amekaa juu ya magunia. Ilipogota mchangani akashuka, akayumba kidogo, akauliza mama ya Kazija ni nani.

"Ni mie," mama akasema. "Ndiwe uliyesingiziwa?"

"Ndimi."

"Pole."

"Nimepoa." Akafungua gunia la kwanza. Lilikuwa limejaa mwani, mbegu ya kawaida, rangi ya kahawia, imefunikwa kwa magunia yaliyolowa. "Tunapeleka maji kisiwa cha mbali kabisa, huko upande wa kina kirefu. Nao wanalima. Nikawaeleza yaliyowakuta nyie. Wanasema hii yao imezoea joto kidogo, si sana. Sikujua niwaletee nini nyie, wakanambia, si mbegu hii?"

Mama alichota konzi moja, akainusa, akavunja ncha akaitafuna.

"Tutajua baada ya bamvua mbili," akasema. Kisha akapaza sauti kumwita Bi Somoe, akamjazia kikapu kwanza, akakishindilia mpaka mbegu ikamwagika pembeni. Bi Somoe alikipokea. Akapita mbele yangu, akasimama, akasema, "Kazija, hujambo," akaendelea na safari yake.

Chifu aliomba afundishwe kufunga. Mafundo yake yalikuwa makubwa kama ya kamba za meli, wanawake wakamcheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuchoma. Mama akanitupia mimi uzi.

"Na wewe ulishaacha ofisi. Funga. Fundo lako nilijue, likipotea nijue ni la nani."

Nilifunga. Akalichukua, akalivuta mara moja kwa ule mkono wake wa kushoto, likafumuka. Akanirudishia uzi.

"Anza tena," akasema.